Amplifaya ya mtumba ya 1989: nilichokikuta chini ya kifuniko

Jina la kampuni msiniulize, halipo. Chumvi na mikono ya watu imelila lote, pamebaki kivuli cha herufi mbili tatu na, upande wa chini, maandishi yanayosema imetengenezwa Japani. Ni amplifaya ya gari ya chaneli mbili, kasha la aluminiamu lenye mapezi marefu, uzito karibu kilo tatu, fyuzi moja ya ampea 20 ubavuni. Nimeinunua kwa muuza mitumba Unguja kwa elfu sabini, ikaja Pemba kwa meli ndani ya boksi la sabuni. Ilipofika kibandani kwangu hapa Chake Chake, kijana ninayemfunza kazi hakuweza kujizuia: "Ami, elfu sabini kwa chuma hiki? Na kwa laki na themanini unapata mpya, wati elfu tatu, ina na taa za buluu!"

Sikumjibu. Mungu si Athumani, wiki ile ile mteja mmoja wa Konde akaniletea hiyo hiyo ya taa za buluu. Malalamiko yake: ukiongeza sauti kidogo tu, besi inakohoa. Basi nikazitandika zote mbili juu ya meza moja, na haya ndiyo niliyoyaona.

Kabla ya kushika bisibisi, tazama fyuzi. Kifuniko huandikwa na watu wa matangazo, lakini fyuzi huwekwa na aliyeitengeneza, naye hataki nyumba ya mtu iungue. Gari ikiwa inanguruma, betri inasoma kama volti 13.8. Zidisha kwa ampea 20, unapata wati 276. Hizo ndizo zinazoweza kuingia kwa muda mrefu bila fyuzi kukatika. Amplifaya za zamani za daraja AB, yaani namna ya saketi ya wakati ule, hula karibu nusu yake zikaigeuza joto, kwa hiyo spikani zitafika wati 130 au 150 hivi, chaneli zote mbili pamoja. Ile mpya ina fyuzi ya ampea 25. Hesabu ni hiyo hiyo: zinaingia 345. Sasa hizo 3000 zinatoka wapi, yakhe? Hata ingekuwepo amplifaya isiyopoteza chochote, ingehitaji zaidi ya ampea 217 kutoka kwenye betri ili itoe wati 3000, na waya wake ungekuwa na unene wa kidole. Hii imekuja na kiwaya chembamba chekundu ambacho ukikikwaruza kwa kisu ndani ni cheupe: aluminiamu iliyopakwa shaba juu.

Marekani kero hii waliiwekea kipimo cha hiari mwaka 2003, kikaitwa CEA-2006 (siku hizi CTA-2006). Wati zipimwe kwa volti 14.4, spika yenye ukinzani wa omu 4, na sauti isiharibike kwa zaidi ya asilimia 1. Kabla ya hapo kila mtu alijisemea. Lakini kulikuwa na waongo wa upande wa pili pia, na hao nawapenda. Miaka ya 1980 na 1990 mashindano ya muziki wa magari huko Marekani yalipanga washindani kwa wati zilizoandikwa kwenye kifuniko, basi makampuni yakaanza kuandika kidogo na kutoa kingi. Orion HCCA 225 iliandikwa wati 25 kwa kila chaneli kwa omu 4, na Rockford Fosgate Punch 45 nayo ni ya ukoo huo huo. Mtu anaingia kwenye kundi la wanyonge na simba ndani ya buti. Siku hizi mambo ni kinyume chake.

Tufungue. Ya Japani imekazwa kwa skrubu za chuma zilizoshika kutu. Nilizipaka mafuta usiku, asubuhi zikatoka zote bila kukatika. Kitu cha kwanza nilichokitafuta ni tarehe. Chipu nyingi huandikwa tarakimu nne pembeni, mbili za mwaka na mbili za wiki. Hapa inasomeka 8923, yaani wiki ya 23 ya mwaka 1989. Hiyo haimaanishi amplifaya yenyewe imefungwa wiki ile, lakini haiwezi kuwa ya kabla ya hapo, na chipu nyingine mbili nazo ni za mwaka huo huo.

Chipu hiyo ya kwanza ni TL494, na ndiyo ubongo wa upande wa umeme. Nieleze kidogo, kwani hapa ndipo amplifaya inapotofautiana na redio. Redio ya gari imeandikwa 50x4, yaani wati 50 kwa spika nne, lakini haina zaidi ya volti za betri za kuchezea. Volti 14.4 kwenye spika ya omu 4, hata saketi iisukume spika kutoka pande zake zote mbili, mwisho wa hesabu ni wati 26, na kwa kweli ni 18 au 20 kabla sauti haijaanza kupasuka. Ukitaka zaidi lazima upandishe volti. Umeme wa betri ni mnyoofu (DC), na transfoma haili umeme mnyoofu. Basi TL494 inaziamrisha transista zikate umeme ule mara makumi elfu kwa sekunde, vipande vinaingia kwenye transfoma, vinatoka vikiwa vimepanda, dayodi zinavinyoosha tena, na mwisho unapata volti chanya upande mmoja na hasi upande mwingine. Kwenye hii nilipima chanya 27 na hasi 27. Kwa fundi mwenzangu: ukitaka kujua kama TL494 iko hai, weka mita kwenye mguu wa 14, lazima usome volti 5. Ikiwa imekufa usihangaike kuagiza mbali. Vunja pawasapulai ya kompyuta ya zamani, nyingi zina hiyo hiyo au pacha wake KA7500.

Transfoma ndiyo iliyomnyamazisha kijana wangu. Ya Japani ni pete nene ya feraiti iliyozungushiwa nyaya za shaba zilizosokotwa pamoja, unene wa andazi la asubuhi. Ya wati 3000 haifikii hata kitumbua. Nguvu yote inayokwenda spikani lazima ipite kwenye pete hiyo. Hakuna njia nyingine. Ukikutana na amplifaya iliyofunguliwa na huna mita wala muda, tazama pete hiyo na unene wa waya wake, utakuwa umeshajua mengi.

Ile mpya ina kasha refu, karibu mara moja na nusu ya la zamani, lakini bodi ya ndani haifiki mwisho. Theluthi iliyobaki ni hewa. Kwenye bodi yenyewe kuna matundu yamechimbwa na kuandikwa namba za transista ambazo hazikuwekwa. Huenda bodi ni hiyo hiyo moja kwa amplifaya za majina mengi, na kila anayeiagiza anachagua ajaziwe nusu au robo. Taa za buluu, nikiri, zimefungwa vizuri sana.

Kwenye ya 1989 nafasi imejaa. Upande wa kutolea sauti kuna jozi za 2SD1047 na 2SB817 za Sanyo, volti 140 na ampea 12 kila moja. Ni transista zilizostarehe, zinafanya kazi mbali na mwisho wa uwezo wao. Zimebanwa kwenye kasha kwa kipande kirefu cha chuma, chini yake mika (vipande vyembamba visivyopitisha umeme) na mafuta meupe ya kupitishia joto. Mafuta yale yamekauka yamekuwa unga, nikayafuta na kupaka mapya. Mika usizitupe. Watu huzitupa wakaweka plastiki yoyote waliyoiona, transista inagusa kasha, kasha limegusa bodi ya gari, kisha unasikia "amplifaya za mtumba mbovu".

Bodi ni ya faiba, ya kijani, na lehemu yake ni ile ya zamani yenye madini ya risasi. Ulaya walipiga marufuku risasi kwenye vifaa vya umeme tangu Julai 2006, na tangu hapo lehemu nyingi ni ngumu zaidi kuyeyuka. Kwa afya ya watu ni jambo jema. Kwa fundi mwenye pasi ya kulehemu ya bei rahisi, bodi ya zamani inakubali mkono wake bila kubanduka njia za shaba. Nililazimika kulehemu upya miguu ya transfoma na vishikio vya spika. Ukiwasha tochi ukainamisha bodi unaona mduara mwembamba mweusi umezunguka mguu, hapo pameachana. Ni ugonjwa wa vitu vizito kwenye gari zinazopita barabara zenye mashimo, na mara nyingi ndio unaofanya chaneli moja ije na kuondoka.

Ubovu wa kweli ulikuwa kwenye kapasita, vile vikopo vya kuwekea umeme, na hapo sishangai. Kila joto likipanda nyuzi 10, umri wa kapasita ya maji hupungua karibu kwa nusu. Weka amplifaya chini ya kiti, gari iegeshwe juani mchana kutwa, uone. Kati ya zile nne kubwa mbili zilikuwa zimevimba vichwa, na zile za kuingilia umeme zimebaki na chini ya nusu ya uwezo ulioandikwa. Nimebadilisha zote, pamoja na vidogo vya njia ya sauti, nikaweka za nyuzi 105 badala ya 85. Za kuingilia nilipandisha kutoka volti 16 hadi 25. Spea zilitoka Kariakoo ya Dar es Salaam kwa mkono wa mtu, elfu kumi na tisa. Transista sikununua hata moja, namshukuru Mungu, kwa sababu soko limejaa za bandia: sura ya 2SC5200, ndani kipande kidogo cha silikoni kisichoweza nusu ya kazi.

Tahadhari moja kwa wanaonunua za miaka ya mwanzo ya 1990. Baadhi yake zina kapasita ndogo za bati zilizobandikwa juu ya bodi bila miguu kupita chini. Zile huvuja. Maji yake hula njia za shaba polepole, na ukizigusa na pasi ya kulehemu hutoa harufu ya samaki. Ukiinusa harufu hiyo, safisha bodi kwa spiriti kabla ya kufanya lolote. Hii yangu haina kapasita za namna hiyo, na ni sababu mojawapo niliyoipendea.

Kuwasha mara ya kwanza usiunge moja kwa moja kwenye betri. Pitisha waya wa chanya kwenye balbu ya breki ya wati 21. Balbu ikipiga mwanga mara moja kisha ikafifia, kapasita zimejaa na mambo salama. Ikibaki inawaka, kuna transista imeshikana, na balbu imekuokolea fyuzi na pengine bodi nzima. Waya mwembamba wa buluu wa kuamshia usiusahau, bila huo itakaa kimya ukadhani imekufa. Yangu ilififia. Kwenye mdomo wa spika nilisoma milivolti 14 za umeme mnyoofu, na chini ya 50 naziita nzuri. Mkondo wa kupumzikia, yaani umeme unaopita kwenye transista muziki ukiwa kimya, niliurekebisha kwa kile kirezista cha kuzungusha mpaka nikaona milivolti 5 juu ya rezista ya omu 0.22.

Kipimo cha nguvu: rezista kubwa za omu 4 badala ya spika, chaneli zote mbili kwa pamoja, osiloskopu ndogo ya mkononi kutazama mawimbi yasikatwe vichwa. Ya 1989 ilifika volti 15 kwa kila chaneli kabla ya kukatwa, yaani wati 56 na kidogo. Ile ya wati 3000 ilianza kukatwa kwenye volti 11. Piga mwenyewe: 11 mara 11, gawa kwa 4. Wati 30 kwa kila chaneli. Nikamwita mteja wa Konde aje aone kwa macho yake, maana kwa simu angeniona mzushi.

"Kwa hiyo, fundi, mimi nimenunua taa?"

"Umenunua taa, bwana. Na kasha."

Kusikiliza nilikufanya kwenye Noah ya jirani, spika zile zile, gari ile ile. Mimi mtihani wangu ni taarabu asilia, rekodi za Culture Musical Club na Nadi Ikhwan Safaa, kwa sababu sauti za vyombo vile nazijua kwa masikio tangu utotoni. Dabu besi kwenye amplifaya ya zamani inasikika kidole kikivuta uzi kisha uzi ukitulia. Kwenye mpya unasikia "bum" moja, haina mwanzo wala mwisho. Qanuni ndiyo inayotoa siri za juu. Kwenye mpya nyuzi zake zinachanganyika na ule mshindo wa "shshsh" usiokatika hata muziki ukisimama. Kwenye ya zamani mshindo upo, lazima uweke sikio kwenye twita uusikie. Kwa singeli na bongofleva tofauti ni ndogo mpaka uongeze sauti, hapo mpya inaanza kukohoa na ya zamani inaendelea tu.

Wazee wa hapa hawataishangaa habari hii. Kabla ya waya wa chini ya bahari kutoka Tanga kutufikia Pemba mwaka 2010, tulikuwa tukiishi kwa majenereta ya Wesha, na usiku mwingi ulikuwa giza. Amplifaya ya gari na betri ndiyo iliyokuwa redio ya nyumba nyingi, na ndiyo iliyochezesha harusi za shamba. Nyingi zilikuwa za namna hii hii, na betri moja ilifika asubuhi.

Sasa kasoro, maana zipo. Kuna mtu atasoma hapa akakimbilia mitumbani. Haina kichujio cha besi, kwa hiyo kama unataka wufa peke yake utahitaji kifaa kingine cha kukata sauti za juu. Vishikio vya waya ni vidogo, waya mnene hauingii mpaka upunguze ncha. Inapata moto: nusu saa ya sauti kubwa, mkono hauwezi kukaa juu ya mapezi, basi usiifunge chini ya zulia wala ndani ya boksi la mbao. Ukiunganisha chaneli mbili kuwa moja, spika isipungue omu 4. Vijana hupenda kufunga wufa mbili za omu 4 sambamba, zinakuwa omu 2, na hapo hata Mjapani hakuokoi. Na anayesema vya zamani vyote bora naye simkubali. Zipo amplifaya mpya za daraja D, namna ya saketi isiyopoteza umeme mwingi, za makampuni yanayoandika wati za kweli, ndogo kuliko kiganja, hazipati moto na hazili betri. Kama una fedha, nunua hizo ulale. Nazungumzia mtu wa laki moja mfukoni, khasa msimu wa karafuu ambapo kila mwenye gari anataka muziki na kila mwenye duka anajua hivyo.

Ukinunua mtumba, beba bisibisi. Muuzaji anayekataa usifungue kifuniko, muache na kitu chake. Ukifungua, nusa: harufu ya kuungua haifichiki. Tazama kama skrubu za transista zimeshawahi kuguswa, kama transista mbili za jozi moja zina namba tofauti au rangi tofauti, kama lehemu ina matone makubwa ya mkono wa haraka. Bodi chafu yenye vumbi ambayo haijaguswa ni bora kuliko bodi safi iliyopita mikononi mwa watu watano. Ya kwangu ilikuwa na vumbi la kutosha kupanda mchicha.

Na ukiifunga kwenye gari ukasikia mlio mwembamba unaopanda injini ikipanda, usilaumu amplifaya. Tafuta waya wa hasi. Kwangua rangi ya bodi ya gari mpaka chuma cheupe kionekane, funga nati vizuri, urefu wa waya usizidi urefu wa mkono wako, kisha paka grisi juu, kwani hapa kwetu chumvi haimsubiri mtu. Kwenye Noah mlio ulikuwepo, ukaisha hapo hapo.

Mteja wa Konde ameichukua ya 1989 kwa elfu themanini na tisa, gharama yangu tu, kwa sababu nilimuonea huruma na kwa sababu alikubali kuniachia ile nyingine nimuuzie. Nimeisafisha, nimeiweka kwenye rafu ya mbele, taa za buluu zinawaka, na juu ya ile namba ya wati nimebandika karatasi niliyoiandika kwa kalamu: "Wati 60." Watu wanasimama, wanasoma, wanaondoka. Kijana wangu kila siku ananiomba niibandue.